Mlango wa Nyumba na Uzi wa Kioo: Kuunganisha Ruta Yako Mwenyewe na Faiba, Thika na Ruiru

Katika familia nyingi za pwani siku hizi hakosekani mtoto, ndugu au binamu aliyehamia upande wa barabara kuu ya Thika. Mmoja anasoma Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, mwingine yuko Mount Kenya University mjini Thika, na wa tatu ameajiriwa Nairobi lakini amepanga nyumba Ruiru. Wakishapata maji na umeme, jambo la tatu wanaloliulizia ni intaneti, na intaneti ya nyumbani siku hizi ni faiba. Fundi huja, hupitisha uzi mwembamba dirishani, hupachika kisanduku ukutani, huandika jina la waifai na neno la siri kwenye karatasi, kisha huenda zake. Baada ya miezi michache swali huzuka: Je, yawezekana kukiondoa kisanduku cha kampuni na kuiunganisha moja kwa moja na faiba ruta niliyoinunua kwa pesa zangu?

Ndugu msomaji, swali hili huonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini kwa hakika ni swali la mwenye nyumba. Kisanduku kile ni mlango. Picha za familia, masomo ya watoto, hesabu za benki, mazungumzo na jamaa walioko Muscat au Doha, vyote hupita hapo. Kwetu sisi mlango wa nyumba una mwenyewe, na anayetaka kuingia hupiga hodi. Makala hii yakusudia kueleza mlango huo umejengwaje, ni sehemu gani iliyo mali ya kampuni, ni sehemu gani yaweza kuwa yako, na ni hatua zipi za kufuata bila kuharibu kitu wala kuvunja mkataba.

Uzi unakotoka

Msomaji wa pwani anayo nasaba na uzi huu. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS, iliyovutwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ilitua Mombasa. Mwaka huo huo SEACOM ikaanza kazi, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na yenye kukawia. Kutoka Mombasa nyuzi za kioo zilipandishwa bara hadi Nairobi, na kutoka Nairobi zikaenea katika miji inayoizunguka. Ruiru, iliyojulikana kwa kahawa, na Thika, iliyojulikana kwa mananasi na viwanda, sasa ni miji ya nyumba za ghorofa, na nyuzi hizo huning'inia juu ya nguzo hadi kwenye milango ya wapangaji.

Mfumo unaotumika sana katika faiba za nyumbani huitwa GPON. Kampuni huwa na mtambo mkubwa katika kituo chake. Kutoka hapo hutoka uzi mmoja wa kioo, nao njiani hupita kwenye kigawanyio kidogo kinachoupasua mwanga wake katika matawi, mara nyingi 32 au 64, kila tawi na nyumba yake. Mwanga unaoshuka kwa wateja hubeba gigabiti 2.488 kwa sekunde, na ule unaopanda kutoka kwao hubeba 1.244. Kipimo hicho si cha nyumba moja. Ni cha nyumba zote za tawi hilo, nao hugawana kwa mujibu wa vifurushi walivyolipia.

Hapa pana siri inayolijibu nusu ya swali letu. Mwanga unaoshuka huwafikia wote walio kwenye uzi mmoja, na kisanduku cha kila nyumba huchukua kilicho chake tu na kuyaacha ya jirani, ambayo yamefungwa kwa msimbo. Ama mwanga unaopanda, kila nyumba hupewa zamu yake ya kusema, mfano wa kikao ambacho mwenyekiti humpa kila mjumbe dakika zake. Ili mwenyekiti ajue anazungumza na nani, kila kisanduku husajiliwa kwa nambari yake ya utambulisho. Kisanduku kisichosajiliwa hakipewi zamu. Na kifaa kibovu kinachopayuka nje ya zamu chaweza kuwakatia intaneti majirani wote wa tawi hilo. Kwa hiyo kampuni inapokataa uchomeke kifaa chochote kile kwenye uzi wake, si uchoyo mtupu. Kuna haki ya jirani ndani yake.

Kazi mbili ndani ya kisanduku kimoja

Watu wengi hudhani kisanduku kile ni kitu kimoja. Ukweli ni kwamba mna vitu viwili ndani yake. Cha kwanza ni kigeuzi, ambacho mafundi hukiita ONT. Kazi yake ni kuupokea mwanga kutoka kwenye kioo na kuugeuza kuwa umeme unaoweza kupita katika waya wa shaba. Cha pili ni ruta yenyewe, inayogawa intaneti kwa simu, kompyuta na runinga, inayotoa waifai, na inayoamua nani aingie na nani abaki nje.

Kigeuzi ni cha kampuni, nacho ni sehemu ya mtambo wao. Ruta ni mlango wako. Matatizo mengi hutokana na kuvichanganya viwili hivi, kwa sababu vimefungwa katika plastiki moja. Mwenye nyumba anayesema "nataka kuondoa ruta ya kampuni" huambiwa haiwezekani, naye hukata tamaa. Lau angesema "nabakisha kigeuzi chenu, lakini kazi ya ruta nataka ifanywe na kifaa changu", angekuwa ameomba jambo linalojulikana na lenye utaratibu wake.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba ruta nyingi zinazouzwa madukani Nairobi na Thika hazina tundu la kioo kabisa. Zina tundu la waya wa shaba wenye kichwa cha pini nane, lililoandikwa WAN. Uzi wa faiba hauwezi kuingia humo. Hivyo kuunganisha "moja kwa moja", kwa mtu wa kawaida, maana yake ni ruta yako kukaa nyuma tu ya kigeuzi bila ruta nyingine katikati.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni nyepesi na haihitaji idhini ya mtu. Waache kisanduku cha kampuni kama kilivyo, chukua waya kutoka katika moja ya matundu yake ya LAN, uupeleke kwenye tundu la WAN la ruta yako. Sasa nyumba ina milango miwili, mmoja mbele ya mwingine. Intaneti itafanya kazi, na kwa kusoma, kutazama video na kuzungumza kwa simu hutaona tofauti. Ila angalia jambo moja: ikiwa ruta zote mbili hutumia anwani ile ile ya ndani, kwa mfano 192.168.1.1, zitagongana. Ingia katika mipangilio ya ruta yako uibadilishe iwe, tuseme, 192.168.50.1. Kasoro ya njia hii ni kwamba baadhi ya mambo, kama vile kuifikia kamera ya nyumbani ukiwa mbali, au michezo ya vijana ya kuunganishwa na wenzao, huweza kukwama kati ya milango miwili.

Njia ya pili ndiyo hasa inayokusudiwa na swali letu. Kisanduku cha kampuni huzimwa kazi yake ya ruta na kubakishwa kigeuzi tu. Mafundi husema "kukiweka kwenye briji", yaani kukifanya daraja: kinapitisha bila kuuliza. Ruta yako ndiyo inayopokea anwani kutoka kwa kampuni na ndiyo mlango pekee wa nyumba. Kwa kawaida badiliko hili hufanywa na kampuni yenyewe kutoka mbali, au na fundi wake, kwa hiyo huombwa kwa simu. Zipo kampuni zinazokubali kwa urahisi, zipo zinazokubali kwa wateja wa vifurushi vikubwa au vya biashara pekee, na zipo zisizokubali.

Njia ya tatu ni kukiondoa kigeuzi cha kampuni kabisa na kuutia uzi wa kioo katika ruta yako, ikiwa ruta hiyo ina tundu lake au kijiti maalumu cha GPON. Hili laweza kufanyika kiufundi, lakini haliendi bila kampuni kusajili nambari ya kifaa chako katika mtambo wake. Wapo wanaojaribu kuiga nambari ya kisanduku cha kampuni na kuipachika katika kifaa chao. Sikushauri hilo. Ni kujifanya usiye, ni kuvunja mkataba, na kama tulivyoona, likienda kombo huwaumiza majirani wasio na hatia.

Hatua kwa hatua

Kabla ya kugusa kitu, tazama kilichoko ukutani. Uzi wa kioo ni mwembamba, na mara nyingi kichwa chake ni cha plastiki ya kijani. Rangi hiyo ina maana: ncha ya kioo imekatwa mshazari wa nyuzi 8, na haifai kuunganishwa na tundu la buluu ambalo ncha yake imekatwa sawa. Usiuchomoe bila haja, usiiguse ncha yake kwa kidole, usiukunje kwa nguvu, wala usiutazame ndani, kwa kuwa mwanga wake hauonekani kwa macho lakini upo. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Hapo hakuna ruta itakayokufaa, mpigie fundi wa kampuni. Akija na kipimo chake, mwambie akuoneshe nambari. Kwa vigeuzi vya kawaida vya GPON, mwanga unaopokelewa hutakiwa kuwa kati ya -8 na -27 kwa kipimo cha dBm, na ukikaribia -27 huduma huyumba.

Ukikuta visanduku viwili, kidogo chenye uzi wa kioo na kikubwa chenye waifai, basi kazi imerahisishwa: kidogo ni kigeuzi, kikubwa ni ruta, nawe utabadilisha kile kikubwa tu. Ukikuta kisanduku kimoja, utahitaji briji.

Pili, ipigie simu kampuni uulize mambo manne. Je, mnaweza kukiweka kisanduku changu kwenye briji? Je, ruta yangu itapata anwani yenyewe, yaani DHCP, au itahitaji jina na neno la siri la PPPoE? Je, kuna nambari ya VLAN inayotakiwa kuwekwa? Na je, mfumo wenu huifungia huduma kwa ruta ya zamani, hata ikabidi niwape anwani ya MAC ya ruta mpya? Andika majibu, jina la aliyekujibu na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maelezo ya intaneti ni kama mali.

Tatu, piga picha ya nyaya zote na ya kila ukurasa wa mipangilio kabla ya kubadilisha chochote, ili ukikwama uweze kurudi ulikotoka. Nne, unganisha waya kutoka tundu la kwanza la LAN la kigeuzi hadi tundu la WAN la ruta yako. Waya wa daraja la Cat 5e watosha: hupitisha gigabiti 1 hadi umbali wa mita 100. Lakini uangalie ruta yenyewe. Zipo ruta za bei nafuu ambazo matundu yake yana kikomo cha megabiti 100, na aliyelipia kifurushi kikubwa kuliko hicho atakuwa amenunua asichokipata.

Tano, ingia katika mipangilio ya ruta uweke ulichoambiwa na kampuni. Sita, ikiwa kisanduku cha kampuni bado kinatoa waifai, izime, la sivyo mitandao miwili itashindana katika chumba kimoja. Saba, jaribu kasi kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya kabla ya kujaribu kwa simu, ili ujue kama ila iko kwenye faiba au kwenye waifai.

Hilo la mwisho lina uzito Thika na Ruiru. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwa mawe ya kukatwa kwa mashine kutoka machimbo ya Ndarugo, karibu na Juja, nayo ni mazito. Waifai ya gigahetzi 5 ina kasi lakini hushindwa na kuta kama hizo, na ile ya 2.4 hupenya zaidi lakini katika ghorofa zilizosongamana hugombaniwa na majirani. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu kidogo, si nyuma ya runinga wala ndani ya kabati. Kwenye 2.4 chagua mkondo wa 1, 6 au 11, ule ambao majirani hawakuujaza. Mara nyingi anayelalamikia faiba huwa analalamikia ukuta.

Nane, na hili lisiachwe: badilisha neno la siri la kuingilia mipangilio, si lile la waifai pekee. Chagua usalama wa WPA2 au WPA3, zima WPS, na uweke programu mpya ya ruta kutoka kwa mtengenezaji.

Faida kwa nyumba, na mzigo wake

Faida ya kwanza ni mamlaka. Visanduku vya kampuni kwa kawaida huendeshwa kutoka mbali. Kampuni yaweza kubadilisha mipangilio, na hata kuirudisha ilivyokuwa mwanzo, bila wewe kuwepo. Hilo lina manufaa kwa asiyejua, lakini pia lina hatari zake. Mwishoni mwa Novemba 2016, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipatwa na hitilafu za huduma, baada ya wahalifu kushambulia ruta kupitia tundu lile lile la usimamizi wa mbali. Ruta iliyo yako waweza kulifunga tundu hilo.

Faida ya pili ni malezi. Katika ruta yako waweza kutenga mtandao wa wageni, ili mgeni apate intaneti bila kufika kwenye kompyuta na kamera za nyumba. Mgeni hukaribishwa barazani, hapewi funguo za vyumba. Waweza kuweka saa za kuzima waifai kwenye vifaa vya watoto usiku. Waweza pia kubadilisha DNS, ambayo ni mfano wa daftari la majina la intaneti, ukaweka lile linalokataa kurasa chafu. Cloudflare, kwa mfano, tangu 2020 hutoa bila malipo anwani 1.1.1.3, ambayo huzuia kurasa za ngono na za programu hasidi. Lakini mzazi asijidanganye. Mtoto mwenye bando la simu hupita pembeni mwa mlango huo, na kijana mjuzi hujua njia nyingine. Ruta humsaidia mlezi, haimwondolei ulezi.

Faida ya tatu ni uhuru wa kuhama. Kisanduku cha kampuni hurudishwa mkataba ukiisha, ruta yako huhama nawe. Ukitoka Kimbo ukaenda Makongeni, au ukibadilisha kampuni, jina la waifai na maneno ya siri hubaki yale yale, na vifaa vyote vya nyumba hujiunganisha bila kuhangaika.

Mzigo nao upo. Ruta ikiwa yako, ugonjwa wake ni wako. Kampuni itakagua mwanga hadi kwenye kigeuzi, kisha itakuambia kwamba lililobaki ni la kwako. Ni wewe utakayesasisha programu yake. Na umeme ukikatika, visanduku viwili vyahitaji betri badala ya kimoja. Nunua betri ndogo ya akiba yenye matundu mawili, ukisoma kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta za vifaa vyako. Nyingi ni volti 12, lakini si zote.

Kwa aliye Mombasa na ana kamera katika nyumba yake ya Ruiru, kuna neno la ziada. Hata baada ya briji, huenda kampuni ikakupa anwani inayoshirikiwa na wateja wengi. Tazama anwani iliyoko kwenye WAN ya ruta yako: ikianza na 100.64 hadi 100.127, iko katika fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili hiyo, na hutaweza kuibisha nyumba moja kwa moja kutoka nje. Ama tumia kamera ambazo hupitia seva ya mtengenezaji, ama uliza kama kampuni huuza anwani ya peke yako.

Kwa wapangaji wa ghorofa

Katika baadhi ya majengo mpangaji hana mkataba wake na kampuni. Mwenye jengo au mlinzi wake hununua intaneti moja na kuigawa kwa waya kwa kila chumba, ikilipiwa pamoja na kodi au kando. Hapa hakuna kioo kinachofika kwako wala briji ya kuomba. Lakini hapa ndipo ruta yako ina lazima zaidi, kwa kuwa usipoiweka, simu na kompyuta zako huenda zimeketi katika chumba kimoja na za wapangaji wote. Chukua ule waya wa ukutani, utie kwenye tundu la WAN la ruta yako, tengeneza waifai yako, na tumia njia ya kwanza niliyoieleza. Usiutie katika tundu la LAN, kwani ruta yako yaweza kuanza kuwagawia majirani anwani zisizo sahihi, na jengo zima likakosa intaneti.

Na mpangaji anayetaka faiba yake mwenyewe amuulize mwenye jengo mapema kama anaruhusu ukuta kutobolewa, na ni kampuni zipi zilizokwisha kufika hapo. Kuuliza baada ya kulipa ni majuto.

Haki na makubaliano

Katika Ulaya jambo hili limekwisha kuandikwa kisheria. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inampa mteja haki ya kutumia kifaa akipendacho kwenye huduma yake ya intaneti. Ujerumani ilienda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Agosti 2016, mtandao wa kampuni huhesabiwa kuwa umekoma kwenye tundu la ukutani, na kinachofuata ni cha mwenye nyumba.

Kwetu Kenya mambo huanzia kwenye mkataba baina yako na kampuni, kwa hiyo usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Vifaa vya mawasiliano vinavyoingizwa na kuuzwa nchini vyatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, hivyo nunua ruta kutoka duka linaloaminika na udai risiti. Ukiwa na malalamiko, anza na kampuni yenyewe kwa maandishi. Isipokutimizia, Kanuni za Kuwalinda Watumiaji za mwaka 2010 zinakuruhusu kuyafikisha kwa Mamlaka. Na tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, una haki ya kuuliza ni habari zako zipi zinazokusanywa na kwa sababu gani. Mteja anayeuliza kwa adabu na kwa maneno sahihi hasumbui mtu, anatumia haki yake.

Basi mwanao akikupigia simu kutoka Juja au Ruiru akakuambia kwamba anataka kuweka faiba, usimwulize bei peke yake. Mwambie aulize kama kigeuzi na ruta ni visanduku viwili au kimoja. Aulize kama kampuni inakubali briji, na kwa kifurushi kipi. Aulize kifaa ni cha nani mkataba ukiisha, na faini yake ni ipi kikiharibika. Aulize kama ataambiwa neno la siri la mipangilio au la waifai pekee. Na akikosa majibu ya maswali haya manne katika ofisi ya kwanza, avuke barabara aende ya pili kabla hajalipa.